Waja Leo, Waondoka Leo

Mji wa Tanga una msemo wake ambao hata asiyewahi kufika anaujua: waja leo, waondoka leo. Kila baraza lina tafsiri yake ya msemo huo, na mara nyingi ni mzaha wa kumtania mgeni aliyeshuka na begi dogo akidhani jioni atageuza. Leo naomba niuazime kwa kazi nyingine. Nadai kwamba ikija habari ya milima, misitu, mapango na fukwe za mkoa huu, waja leo waondoka leo ni sisi wenyeji. Lushoto tunaijua kwa baridi, viazi na kabichi. Mapango ya Amboni tuliyaona mara moja, tukiwa na sare za shule, tumeshikana mikono gizani. Pangani tunakwenda kwa harusi au kwa msiba, tunakula pilau au tunazika, tunapanda gari. Mgeni anayetoka mbali ana macho mapya, hilo tumpe haki yake. Lakini mwenyeji ana kitu ambacho mgeni hawezi kukinunua hata kwa dola: mara ya pili. Anaweza kurudi mahali palepale masika na kiangazi, mwaka huu na mwaka wa kumi, akaona kilichobadilika. Nadai kwamba kufurahia uzuri wa kwenu ni huko kurudi, na kwamba mtu anayesubiri kuuona kwa jicho la mtalii, siku moja, kwa haraka, anakosa sehemu iliyo bora.

Tuanze na ua dogo. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa akitawala huku Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake Ujerumani mmea alioukuta katika miamba ya chokaa karibu na mji na tena juu katika msitu wa Usambara. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaupa jina la kisayansi, Saintpaulia, kwa heshima ya familia hiyo. Katika miaka ya 1920 wakulima wa maua wa California wakaanza kuuzalisha kwa wingi, na leo mmea huo umekaa kwenye vyungu vya madirishani karibu kila nchi yenye baridi. Wajerumani wanauita urujuani wa Usambara. Yaani bibi kizee wa Hamburg anayemwagilia chungu chake asubuhi anatamka jina la milima yetu bila kuwahi kuiona. Na sisi? Anayetaka kuuona ukiwa kwao, aende Amani, katika misitu ya Usambara Mashariki. Haumei palipo jua. Unashika mwamba wenye kuvu ya kijani, kando ya kijito, mahali ambapo mwanga unafika umeshachujwa na matawi. Majani yake ni manene, yamejaa vinyweleo laini mfano wa shavu la mtoto, na katikati hutokeza ua la zambarau lenye vidoa viwili vya manjano. Ni mdogo kuliko ule wa madukani, wala hauna mbwembwe. Mpita njia huupita. Kuujua kunataka mtu wa kuinama, na zaidi kunataka mtu wa kurudi, kwa sababu habari muhimu ya ua lile ni kama kivuli chake kipo bado. Mti mkubwa ukianguka juu yake, jua likaingia, mwamba hukauka na ua hutoweka hapo. Mgeni aliyepiga picha mwaka jana hatajua kamwe.

Mfano wa pili ni wa huzuni zaidi, nao uko baharini. Mkabala wa pwani ya Pangani kuna mahali panaitwa Maziwe. Kilikuwa kisiwa, kina mivinje yake, na kasa walikipenda kuliko sehemu nyingi za pwani hii. Walipanda usiku, wakachimba, wakataga, wakarudi majini. Kwa ajili yao Serikali ilikitangaza kuwa eneo la hifadhi mwaka 1975. Ulipoingia mwongo wa 1980 hapakuwa tena na mti. Siku hizi Maziwe ni fungu la mchanga mweupe linalochomoza maji yakipwa na kuzama yakijaa. Sababu zinazotajwa ni zaidi ya moja: miti ilikatwa, mizizi iliyoshika mchanga ikaondoka, mawimbi na mikondo ikamalizia kazi. Watalii wanaopelekwa pale leo hufurahi sana, na wana haki, kwa kuwa maji yale yana rangi ambayo sijui niifananishe na nini, na matumbawe yaliyo kandokando yamejaa samaki. Wanaondoka wakiamini wameona Maziwe. Wameona sehemu iliyobaki. Uzuri wanaousifu ni wa kweli, lakini hauna wakati ndani yake. Ni uzuri usio na jana. Mzee wa Pangani anayekumbuka kisiwa chenye kivuli, akitazama mchanga uleule, anaona vitu viwili kwa pamoja: kilichopo na kilichokuwapo. Huyo ndiye ninayemwita mtazamaji.

Hapa msikilizaji makini atanikata kauli, na afanye hivyo, kwa sababu pingamizi lake ni zito. Atasema: hao waliokata mivinje ya Maziwe ni akina nani, kama si watu waliokuwa wakirudi pale kila msimu? Wavuvi waliopiga dago kisiwani walihitaji kuni za kupikia na za kukaushia samaki. Walikijua kisiwa kuliko ofisa yeyote, na kukijua kwao hakukukiokoa. Nakubali. Sidai kwamba macho peke yake yanalinda kitu. Mtu anaweza kuona mchanga ukiliwa mwaka hadi mwaka akanyamaza, ama kwa kuwa tumbo linamsukuma, ama kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza. Na mara nyingi ni hili la pili. Kumbukeni silikanti. Samaki huyu wa kale, aliyedhaniwa ameshatoweka duniani tangu zama za madinosauri mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, alianza kunaswa huku Tanga kwa makumi kuanzia mwaka 2004. Hakuna meli ya utafiti iliyomleta. Waliomleta ni wavuvi waliozamisha majarife kwenye kina kirefu, wakamtoa samaki mnene, mwenye mapezi kama viganja na magamba magumu, wakaona huyu si wa kawaida, wakasema. Kwa kuwa walisema na safari hii wakasikilizwa, mwaka 2009 tukapata Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Tofauti ya Maziwe na silikanti, kwa maoni yangu, iko hapo: mazungumzo. Kuona kunahitaji kufuatwa na kusimulia, na kusimulia kunahitaji wasikilizaji waliofika pale na wanaojua kinachosemwa. Mji mzima ungekuwa na desturi ya kwenda Maziwe siku za bamvua, kung'oka kwa mti wa kwanza kungekuwa habari ya baraza.

Na tusidhani kwamba ni jambo la wavuvi na wanasayansi. Chukueni birika la chai linalochemka asubuhi hii Ngamiani, hapa mjini Tanga, barabara yoyote mtakayo. Maji yale yametoka bwawa la Mabayani, na bwawa lile linalishwa na mto Zigi, na mto Zigi unaanza katika misitu ya Usambara Mashariki. Upepo wa bahari hupanda ile milima, hupoa, huwa ukungu, ukungu huwa mvua. Amani hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Majani na kuvu na udongo mweusi wa msituni huyapokea yale maji, huyazuia kidogo, huyaachia polepole, na ndiyo sababu mto hautiririki wote siku ya mvua na kukauka siku ya pili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachimbaji wadogo walipomiminika kwenye vijito vya juu kutafuta dhahabu, tope lililochimbuliwa kule lilikuwa na njia moja tu ya kuteremkia. Basi anayepanda kwenda Amani kutazama maporomoko na kusikiliza ndege, anatazama jikoni kwake. Kwa nini basi watu wa mjini tunauita msitu ule kivutio, kama kwamba umewekwa pale kumvutia mtu wa mbali? Neno lenyewe linanikera kidogo. Kivutio ni cha mpitaji. Sisi kwetu ule ni mtungi.

Pingamizi la pili ni la mkulima, nalo husemwa kwa ukali: uzuri hauliwi. Mwanamke wa Mlalo anayeshuka bondeni na jembe na kupanda tena na mzigo wa mahindi kichwani hana haja ya mtu wa redioni kumwambia kwamba mlima wake unapendeza. Mlima anaujua kwa magoti. Ni kweli, wala sijaja kumfundisha. Nakwenda mbali zaidi: ni yeye anayetufundisha. Wasambaa, karne nyingi kabla ya neno mazingira kuingia katika hotuba, waligawa nchi yao kwa majina mawili, Shambaai ya milimani na nyika ya chini, kila moja na mazao yake, maradhi yake na hewa yake. Walikuwa na maneno ya kuitathmini nchi kwa jumla: kuzifya shi, kuiponya nchi, wakati mvua inapokuja kwa wakati na chakula kinatosha, na kubana shi, kuiharibu, wakati njaa na ugomvi vinapotawala. Mtawala alipimwa kwa hayo. Katika fikra hiyo nchi nzuri ni nchi inayolisha, na hakuna ukuta kati ya kupendeza na kufaa. Waingereza walipokuja miaka ya 1940 na 1950 na mpango wao wa kuzuia mmomonyoko, wakawalazimisha watu kulima matuta kwenye miteremko, walishangaa kukuta upinzani, na mpango ukafa kabla ya Uhuru. Waliona udongo unashuka, na walikuwa sahihi kuona hivyo. Hawakuona jasho la wanawake waliopaswa kuchimba matuta yale, wala hofu ya watu kuhusu mashamba yao. Walikuwa na jicho la mgeni hodari: kali, lakini la siku moja. Kwa hiyo mkulima anaposema uzuri hauliwi, mimi namjibu kwamba lugha yake mwenyewe inasema unaliwa, na kwamba aliyevitenganisha vitu hivyo viwili ni yule aliyejenga sehemu ya kutazamia mandhari akasahau kuuliza shamba linaloonekana chini ni la nani.

Tazameni hapo Irente, nje kidogo ya mji wa Lushoto. Mwamba unakatika ghafla, na chini yake, karibu mita elfu moja, iko nyika ya Mazinde na Mombo, mistari ya mkonge imenyooka kama imechanwa kwa kitana. Mgeni huambiwa atazame upeo. Mwenyeji anaweza kutazama mkonge. Zao lile lililetwa kutoka Florida mwaka 1893 na Richard Hindorf, na inasimuliwa kwamba katika miche elfu moja aliyoagiza, iliyofika hai ni 62. Mashamba yote yale, watu waliotoka mbali kuja kukata mkonge wakaoa na kuzikwa huku, sehemu kubwa ya mambo hayo ilitokana na miche 62. Ukisimama pale ukiwa unajua hilo, kile unachokiona si mandhari tena, ni ukoo. Babu wa watu wengi wa mkoa huu wamo katika ile mistari.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi kwa sababu jibu lenyewe si refu. Wapo wanaosema matembezi ni ya wenye nafasi. Viingilio vya hifadhi kwa Mtanzania ni kidogo sana ukilinganisha na vya mgeni, lakini nauli si kidogo, na gari la kupanda Amani kutoka Muheza si la kila saa. Anayelalamikia usafiri ana haki, na wanaopanga mambo hayo wanapaswa kumsikia. Ila sehemu kubwa ya ninayoyataja haina mlango wala tiketi. Basi la kawaida la kutoka Mombo kwenda Lushoto, kilomita zipatazo 33, linapita ukingoni mwa korongo, linazunguka kona baada ya kona, hewa inabadilika masikioni, na ghafla unayaona maporomoko ya Soni kando ya barabara. Watoto wanauza fyulisi na peasi dirishani. Abiria wengi wakati huo wamelala au wanatazama simu. Nauli wameshalipa! Ufukwe maji yakipwa ni bure. Magofu ya Tongoni, kusini ya mji, yenye msikiti wa kale na makaburi ya mawe yaliyosimamishiwa minara, hayako mbali na jiji.

Labda pingamizi gumu zaidi ni la mpenda misitu mwenyewe. Anasema: waacheni watu walale kwenye basi. Mkiwaamsha wote, watakuja na maspika, chupa za plastiki na mifuko, wataandika majina yao kwenye mawe, na baada ya Idi mbili na Pasaka moja hamtakuwa na kitu cha kufurahia. Anayekwenda ufukweni Raskazone asubuhi ya pili ya sikukuu anajua kwamba mtu huyu hasemi uongo. Hata hivyo nadhani anawapima wenyeji kwa tabia waliyojifunza kwa wageni, ile ya kufika mahali mara moja, kupamaliza na kuondoka. Mahali unapojua utarudi Jumamosi ijayo hupachezei hivyo. Hakuna anayetupa maganda barazani kwake. Mapango ya Amboni yanatupa mfano mzuri. Tangu zamani yanasemwa mengi: kwamba njia zake zinatokea Mombasa, kwamba zinafika Kilimanjaro, kwamba Mzungu mmoja aliingia na mbwa wake akapotea na mbwa akaonekana huko Moshi. Miaka ya 1950 Osale Otango na mwenzake walijificha humo wakiwakimbia polisi wa mkoloni, na hadithi zikaongezeka. Mwaka 1994 wapimaji waliingia na vifaa vyao wakakuta mapango kumi, na refu kuliko yote halifiki kilomita moja. Je, kipimo kimeharibu hadithi? Hata kidogo, watoto wa shule bado wanasimuliwa mbwa. Lakini kati ya makundi yote yanayoingia humo, liko moja ambalo halichafui wala halichori ukuta: watu wanaokwenda kwenye chumba cha mzimu, wakaweka sadaka zao, wakatoka kimya. Unaweza usikubaliane na imani yao. Wao peke yao ndio wanaoingia wakijua watarudi, na ndio wanaotembea kwa adabu.

Sasa, kama kuna anayetaka kujaribu haya ninayoyasema, na aanze na lile lililo gumu kuahirishwa. Maziwe hakungoji mtu. Haifai kwenda siku yoyote. Wakati wa maji mafu huenda ukakuta fungu dogo lisilotosha hata kutandika mkeka. Subiri bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, uliza Pangani au Ushongo saa ya maji kupwa, na uondoke mapema kabla upepo haujapata nguvu. Utakuta mchanga umechomoza, una joto, na nyayo za kaa peke yake. Pengine utaona kijiti kilichopigwa alama: viota vya kasa bado huchimbwa pale, na walinzi wa kijijini huhamisha mayai kuyapeleka ufukwe wa Ushongo kabla bahari haijayafunika, maana kasa hawajapokea habari kwamba kisiwa kimekwisha. Baada ya saa chache nahodha atakuita, na hapo huna ubishi, ukichelewa utarudi kwa kuogelea. Kabla hujapanda chombo muulize mivinje ilikuwa upande gani. Kama umri wake unaruhusu, au kama baba yake alimwambia, atakuonyesha kwa mkono, na mkono wake utakuwa umeelekea majini.